SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI, LAKINI AKUNJWE NA NANI?

Likitajwa suala la matumizi mabaya ya mamlaka shuleni, wengi wetu hufikiria kiboko mara moja. Wengine humfikiria kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele huku akiliruka jina la rafiki yake. Hayo ni kweli, lakini kuna aina nyingine isiyoacha alama mwilini. Hii ni hatari zaidi kwa sababu anayetendewa huifurahia, tena huomba aongezwe!

Aina hii imeelezwa na Muriel Spark, mwandishi aliyezaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka wa 1918. Riwaya yake fupi ya Kiingereza, The Prime of Miss Jean Brodie, ilichapishwa mwaka wa 1961. Ina sura 6 tu, lakini si mchezo.

Hadithi inatokea Edinburgh, miaka ya 1930, katika shule ya wasichana. Bi. Brodie ni mwalimu wa wasichana wa umri wa miaka kumi hivi. Kati yao anawachagua sita wawe kundi lake. Anawapeleka kutazama michezo ya kuigiza na kuwaalika nyumbani kwa chai. Darasani vitabu vinafunguliwa ili mtu akiingia aone kazi inaendelea, kumbe somo lenyewe ni habari za likizo yake Italia na za mchumba wake aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Jamani, ni nani asingempenda mwalimu kama huyo?

Sasa tutazame gharama yake. Kundi la vipenzi huhitaji mtu wa kulaumiwa, na hapa mtu huyo ni Mary Macgregor, msichana mzito wa kuelewa. Likiharibika lolote, ni Mary. Wenzake nao wanafuata mkondo. Kuna mahali mwenzake aitwaye Sandy anatamani kumtendea Mary wema, lakini anajizuia kwa sababu anahisi ni kama Bi. Brodie yupo pale akimkataza. Mwalimu hayupo, na bado anatawala! Hapo ndipo tunapoona mamlaka yameingia hadi moyoni.

Tena Bi. Brodie anamsifu Mussolini, dikteta wa Italia. Anamhimiza msichana mmoja, Joyce Emily, aende Uhispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa kuanzia 1936 hadi 1939. Msichana huyo anauawa treni yake inaposhambuliwa. Mwalimu hakushika bunduki wala kiboko. Alitumia maneno matupu.

Kwa upande wa fani, zingatia kisengere mbele. Mwandishi anatuambia mapema kwamba Mary atafia katika moto hotelini akiwa na miaka 23. Basi kila anapokemewa darasani, msomaji huumia mara mbili. Kwa maoni yangu, mbinu hii inahusiana na maudhui. Msimulizi anajua mwisho wa kila mtu, na Bi. Brodie naye anajiona kama mwenye kuamua maisha ya wasichana wake yatakwendaje.

Hatimaye Sandy anamfichulia mwalimu mkuu mafunzo hayo ya ufashisti, na Bi. Brodie anaondolewa shuleni mwaka wa 1939. Je, Sandy ni shujaa au msaliti? Usikimbilie kujibu. Mwalimu mkuu mwenyewe amekuwa akiwachokorachokora wasichana kwa maswali miaka mingi akitafuta sababu ya kumfukuza, kwa hivyo mamlaka yake nayo si safi. Sandy naye anaishia kuwa mtawa, na wageni wanapomtembelea anazishika nondo kwa nguvu, mtu asiye na utulivu. Ametoka mikononi mwa Bi. Brodie, lakini Bi. Brodie hajamtoka.

Hapa Kenya, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Ni jambo jema. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kupiga marufuku tabasamu. Ndiyo maana riwaya hii inatufaa. Inatufunza kujiuliza maswali matatu: Katika kundi letu, ni nani analaumiwa kila siku? Ni nani ananufaika na utiifu wetu? Na je, nikisema hapana, nitaendelea kupendwa?

Sisemi kila mwalimu anayependwa ni Bi. Brodie, la hasha! Mwalimu mwema hufurahi ukimpinga kwa hoja. Lakini wahenga waliponena samaki mkunje angali mbichi, walizungumza na mkunjaji. Riwaya hii inazungumza na samaki. Isome, mwenzangu, kisha uje chamani tubishane kuhusu Sandy.