Uvira: Chombo cha kupima uchafu wa maji nacho kinaweza kudanganya

Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya Uvira, katika Kivu Kusini, mto Mulongwe unashuka umejaa udongo. Ni mto huo unaopatia kiwanda cha Regideso maji, na ndio ulifurika mwezi wa Aprili 2020, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Kwa fundi wa maji, swali la kila siku ni hili: leo maji yamechafuka kiasi gani?

Jibu linatoka kwenye chombo chenye taa. Maji yanatiwa ndani ya chupa ndogo ya kioo, mwanga unayapenya, na chembe za udongo zinautawanya pembeni. Mwanga ukitawanyika zaidi, namba inapanda. Namba hiyo inahesabiwa kwa NTU. Wakati wa dharura, maji yanatakiwa yawe chini ya 5 NTU kabla ya kutiwa klori, kwa sababu udongo unakula klori na kuficha vijidudu vya kipindupindu.

Lakini chombo hakijui chochote mpaka kifundishwe. Fundi anakionyesha maji maalum ya formazini, ambayo uchafu wake unajulikana, kisha chombo kinashika kiasi hicho cha mwanga. Kazi hiyo inaitwa kalibraji, na hapo ndipo makosa yanaingia.

Tuseme chupa ilikuwa na alama za vidole, au povu, au kazi ilifanyika juani. Mwanga wa ziada unaingia, na chombo kinadhani wote umetoka kwenye formazini. Kesho yake, chupa ikiwa safi, maji machafu yanasomeka kuwa masafi kuliko yalivyo. Fundi anatia klori kidogo, na mama anabeba bidoni yenye hatari nyumbani.

Dawa yake si pesa nyingi. Ni kufanya vilevile kila mara: chupa ileile, imepanguswa, alama yake ikitazama upande uleule, kivulini, maji yenye joto lilelile, formazini isiyopitwa na wakati, iliyotikiswa polepole. Chombo cha kuzamishwa kinataka ndoo nyeusi ileile, na umbali uleule kutoka chini. Yote yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe.

Mwishoni, klori inayobaki ipimwe kwenye bomba: 0,2 hadi 0,5 mg kwa lita. Namba mbili zikipingana, chombo ndicho cha kuulizwa kwanza.