Vyote Ving'aavyo si Dhahabu: Kukusanya na Kutunza Fuwele za Salfaidi

Wengi wetu tumewahi kuokota jiwe la manjano linalometameta, moyo ukatudunda. Mara nyingi jiwe hilo ni pairiti, iitwayo "dhahabu ya wajinga". Pairiti ni mojawapo ya salfaidi, yaani madini ambamo metali imeungana na salfa. Yenyewe ina chuma. Galena ina risasi. Kalkopairiti ina shaba na chuma.

Wakusanyaji huzipenda kwa mng'ao na umbo lake. Kule Navajún, Hispania, pairiti hutolewa mwambani ikiwa michemraba iliyonyooka kana kwamba imechongwa na fundi. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mwanasayansi kutoka Denmark, alieleza kwamba pembe kati ya nyuso za fuwele za aina moja hazibadiliki, fuwele iwe kubwa au ndogo. Baadaye akawa padre, kisha askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Padre Mfaransa René Just Haüy (1743–1822) naye alifundisha kwamba fuwele hujengwa na chembe ndogo sana zenye umbo moja, zilizopangwa kama matofali ukutani.

Tunaitofautishaje pairiti na dhahabu? Chukua kipande kilichovunjika, ukisugue kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'arishwa. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairiti huacha mweusi wenye ukijani. Ukigonga kwa nyundo, dhahabu hubonyea, pairiti huvunjika. Kipimo hiki cha dakika moja kinaweza kumwokoa mtu asimkabidhi tapeli akiba ya familia.

Adui mkubwa wa mkusanyaji ni unyevu. Katika hewa yenye maji, pairiti huweza kuoza: hutoa unga mweupe au wa manjano pamoja na tindikali ya salfuriki. Sisi tulijifunza kwa hasara. Tulizifunga sampuli zetu kwa pamba na kuzisahau kabatini msimu mzima wa mvua. Tulipofungua tulikuta unga, na karatasi zilizoonyesha mahali zilipotoka zimeliwa na tindikali. Mawe kadhaa yalisalimika, lakini hadi leo hatuwezi kusema yalitoka wapi, na kwa mwanafunzi wa miamba jiwe lisilo na asili halifundishi mengi.

Sasa tunafanya hivi:

- Tukiosha pairiti, tunaikausha kabisa mara moja.
- Tunaihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika kama vile viwekwavyo kwenye maboksi ya viatu.
- Kila sampuli ina namba, na daftarini tunaandika mahali, tarehe na aliyeiokota.
- Inayoanza kutoa unga tunaitenga na nyingine.
- Baada ya kushika galena tunanawa mikono, kwa kuwa risasi ni sumu. Watoto hawachezei.

Na kabla ya kuokota chochote, tunaomba ruhusa ya mwenye eneo.