Maziwa ya Mbuzi: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji wa Lusewa

Katika Kata ya Lusewa, wilayani Namtumbo, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Songea kabla ya Namtumbo kuwa wilaya kamili, mbuzi huhesabiwa kwanza kuwa nyama na akiba ya dharura, kama ilivyo katika vijiji vingi nchini. Mahitaji ya shule yakibana, mbuzi ndiye anayeuzwa. Maziwa yake hukumbukwa zaidi pale mtu anapougua au mtoto mchanga anapokosa titi la mama. Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari pia, kwa sababu kinywaji kinachopewa sifa ya dawa aghalabu hunywewa bila tahadhari anayoichukua mtu kwa chakula chake cha kila siku.

Mbuzi wa asili hutoa maziwa kidogo, mara nyingi yasiyofikia nusu lita kwa siku baada ya kitoto chake kunyonya. Mbuzi wa maziwa ni jambo jingine. Katika Tarafa ya Mgeta, mkoani Morogoro, mbuzi wenye asili ya Norwei walioingizwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliwawezesha wakulima wa milimani kukamua nyumbani bila kuhitaji eneo kubwa la malisho. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, hivyo mfugaji hasubiri muda mrefu kama afugaye ng'ombe. Banda lililoinuliwa, majani ya kutosha na maji safi ndiyo msingi wa kazi hiyo. Beberu atengwe na majike wanaokamuliwa, kwani harufu yake huhamia katika maziwa. Wengi wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka wameonja uzembe wa mkamuaji.

Ndani ya maziwa hayo mna protini, mafuta, kalisi na vitamini A. Chembe zake za mafuta ni ndogo kuliko za maziwa ya ng'ombe, jambo linaloelezwa kuwa huyafanya yawe mepesi tumboni. Lakini sukari ya maziwa, yaani laktosi, imo karibu sawa na ile ya ng'ombe. Anayeharishwa na laktosi hatapona kwa kubadili mnyama. Hata mwenye mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe huweza kudhurika vilevile, kwa kuwa protini za wanyama hao wawili zinafanana sana. Asijaribu kabla ya kumwona daktari.

Hatari kubwa zaidi imo katika maziwa mabichi. Ugonjwa wa brusela, unaowafanya mbuzi kutupa mimba, humfikia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Ni rahisi kudhani kuwa ni malaria na kutumia dawa isiyohusika kwa wiki kadhaa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwatambua bakteria wake katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1905 tabibu wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, alibaini kuwa waliowabeba ni mbuzi walioonekana wazima kabisa. Askari waliponyimwa maziwa hayo mabichi mwaka uliofuata, wagonjwa walipungua kwa kasi. Kumbe unono wa mbuzi si ushahidi wa usalama wa maziwa yake.

Kinga yake ipo katika kila jiko: maziwa yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe hadi yafure huku yakikorogwa, kisha yafunikwe. Kugandisha mtindi kwa maziwa mabichi hakutoshi kuua bakteria hao. Yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yagandishwe. Moto hupunguza baadhi ya vitamini, lakini protini na kalisi hubaki. Pasipo na jokofu, yatumike siku hiyohiyo.

Kuhusu mtoto mchanga, tahadhari ni kali zaidi. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto hupaswa kupewa maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mbuzi yana protini na chumvichumvi nyingi kuliko uwezo wa figo zake changa, na yana foleti kidogo mno, vitamini inayohitajika kutengeneza damu. Mtoto anayelelewa kwa maziwa hayo peke yake huweza kupungukiwa damu. Bibi aliyeachiwa mjukuu yatima anatenda kwa huruma anapokamua mbuzi, na hastahili kulaumiwa, ila ampeleke mtoto zahanati siku hiyohiyo ili apatiwe ushauri wa lishe mbadala. Baada ya miezi 6, maziwa yaliyochemshwa yanaweza kuingia katika uji, pamoja na maharage, karanga zilizosagwa laini na mboga za majani, ambazo ndizo zenye foleti.

Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza. Je, mbuzi ametibiwa karibuni? Kila dawa ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, na maziwa ya siku hizo hayafai kuuzwa. Je, amezaa lini? Dang'a ya siku za mwanzo ni ya kitoto. Maziwa yenye mabonge au damu ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Chombo cha chuma kisichoshika kutu husafishika vizuri kuliko dumu lililokuwa na mafuta ya kula. Wanaotaka kuuza maziwa kibiashara wanahusika na masharti ya Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2004, na mtu wa karibu wa kuanza kumwuliza ni afisa mifugo.