UMENUNUA MOTOKAA? UFUNDISHE KWANZA MGUU WA KUSHOTO

Siku hizi si ajabu kuona motokaa imesimama chini ya mwembe katika kijiji ambacho zamani kilikuwa na baiskeli tu. Baba ameuza kahawa au mpunga, mama ameongeza fedha za kikoba, pengine na kijana aliye mjini ametuma kidogo, na gari limenunuliwa. Limekwisha kutumika Japani, lakini kwa familia ile ni jipya. Mungu ashukuriwe. Ila kazi haikuisha kwa kulipa fedha. Sasa ndiyo inaanza.

Maana magari mengi ya kazi, hasa pikapu, ni ya gia za mkono, yale ambayo vijana huyaita manyuo. Gari la namna hiyo linataka miguu miwili, mikono miwili, masikio na akili, vyote kwa wakati mmoja. Mtu aliyezoea gari la otomatiki, au aliyejifunza kwa gari la chuo, atashangaa siku ya kwanza gari lake likiruka kama mbuzi na kuzima. Asione haya. Kila klachi ina tabia yake, na dereva mwema huijua tabia hiyo kabla ya kuingia barabara kuu.

Klachi ni nini?

Mbele ya dereva mna pedali tatu: kushoto klachi, katikati breki, kulia mafuta. Mguu wa kulia una kazi mbili, breki na mafuta. Mguu wa kushoto una kazi moja tu, klachi. Lakini kazi hiyo moja ndiyo ngumu.

Injini ikiwaka huzunguka daima, wala haiwezi kusimama bila kuzima. Magurudumu lakini lazima yaweze kusimama. Basi kati ya injini na giaboksi imewekwa sahani inayobanwa kwa springi. Ukiachia pedali, sahani hushikana na injini na nguvu inapita. Ukikanyaga, huachana. Mfano wake ni viganja viwili: kimoja kikizunguka na kukigusa kingine polepole, cha pili nacho kitaanza kuzunguka. Ukivigonganisha ghafla, utaumia. Ndivyo gari linavyoumia.

Mazoezi ya uwanjani

Tafuta uwanja mtambarare usio na watoto wala mifugo. Asiye na leseni kamili awe na leseni ya kujifunzia, alama ya L, na pembeni yake mtu mwenye leseni. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, ingiza gia ya kwanza. Sasa inua mguu wa kushoto kidogo kidogo, ukitia mafuta kidogo sana. Sikiliza. Kuna mahali sauti ya injini inapobadilika na gari linataka kuondoka. Hapo ndipo klachi inaposhika. Kanyaga tena, usimame. Rudia mara 20, na kesho mara 20 nyingine, mpaka mguu upajue mahali pale bila kufikiri.

Ukibadili gia, ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, sogeza mkono wa gia bila kuulazimisha, kisha achia polepole. Macho yabaki barabarani, yasiutazame mkono wa gia. Masikio yatakuambia wakati wake: injini ikilia kwa sauti ya juu, panda gia, ikitetemeka na kulemewa, shuka gia. Gia ya kurudi nyuma usiiingize mpaka gari limesimama kabisa.

Tena, usipumzishe mguu juu ya klachi wakati wa kwenda. Sahani itateleza, itapata moto, utasikia harufu ya kuungua. Harufu hiyo ni fedha za kahawa zinazoteketea.

Kuondoka mlimani

Hapa wengi hutokwa jasho. Usilizuie gari mlimani kwa klachi. Vuta breki ya mkono. Ingiza gia ya kwanza, tia mafuta, inua klachi mpaka usikie gari linavuta na pua yake kuinuka kidogo. Ndipo ushushe breki ya mkono. Gari litakwenda mbele bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Shida ya mlima ni ya zamani kama motokaa yenyewe. Mwezi wa Agosti, mwaka 1888, mama mmoja wa Ujerumani, Bertha Benz, alichukua motokaa iliyotengenezwa na mumewe Karl Benz, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Milima ilipokuwa mikali gari lilishindwa, ikabidi kulisukuma. Katika miteremko breki zililika, naye akamwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Aliporudi alimwambia mumewe: gari linahitaji gia nyingine ya kupandia. Tangu mwanzo basi, mama wa familia ndiye aliyetambua kwamba gia na breki ni ndugu.

Mteremko ndio unaoua

Ndugu msomaji, neno hili lishike kuliko yote. Wako madereva wanaofika mteremkoni na kuweka gari frii, wengine hata huzima injini, wakisema wanabana mafuta. Hiyo si akili. Katika magari ya siku hizi, ukiondoa mguu kwenye mafuta gia ikiwa imeingia, gari hukata mafuta lenyewe. Ukiweka frii, injini hutumia mafuta ili isizime. Faida yenyewe basi haipo.

Hatari lakini ipo. Gari likiwa frii, injini hailizuii tena, na mzigo wote umebaki juu ya breki. Breki zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Ndipo dereva anapokanyaga na pedali inazama hadi chini bila kitu. Na injini ikizimwa, pedali ya breki huwa nzito, na katika magari mengi usukani nao huwa mgumu.

Anayeshuka Kitonga mkoani Iringa, au Sekenke wilayani Iramba, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, ashike kanuni ya wazee wa malori: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Iingize juu, kabla mteremko haujaanza. Injini italia kidogo, iache ilie. Breki zitumie kwa vipindi, zipate kupoa.

Gari la nyumba moja, shida za kijiji kizima

Gari likifika kijijini si la familia moja tena. Usiku wa manane utagongewa mlango: kuna mama ana uchungu, kuna mtoto ana degedege. Huwezi kukataa, wala usikatae. Lakini usiku ule si wakati wa kujifunza klachi. Kwa hiyo jifunze sasa, mchana, gari likiwa tupu. Majuma ya kwanza usipakie kwaya nzima kwenda kigango, hata wakikusihi. Mama naye afundishwe, maana siku ya shida baba anaweza kuwa mbali.

Mwaka 2007 Vatikano ilitoa maelekezo juu ya uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ile ile tuijuayo, inayokataza kuua. Nyingine inakataza kulifanya gari liwe chombo cha kujionyesha ukubwa na nafasi ya dhambi. Ni maneno ya kukumbukwa na kila mwenye ufunguo mpya mfukoni.

Mwombe Padre alibariki gari lako. Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, akuombee. Lakini medali yake haikanyagi breki; ni wewe. Kabla ya kila safari tazama matairi, oili, maji na mafuta ya breki, fanya ishara ya msalaba, kanyaga klachi mpaka chini, kisha uondoke taratibu.