Dar hadi Songwe: hesabu masaa ya kifaranga, sio masaa ya ndege

Vijana wa kuku hapa Mbeya wananiuliza sana: vifaranga kutoka Dar niwapakie kwenye ndege au basi? Wengi wakishasikia ndege ni saa moja na nusu, wanaamua hapo hapo. Subiri kwanza, tupige hesabu.

Umbali na muda

Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Songwe ni kama kilomita 690. Kwa barabara Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, maana lami inazunguka Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako. Ndege ya pangaboi inatumia takribani saa moja na nusu, jeti inapunguza dakika chache. Basi weka masaa 13.

Sasa ongeza yale ambayo tiketi haisemi. Huu ni mfano wangu: kiwandani hadi uwanjani kwa foleni ya Dar, masaa 2. Kukabidhi mzigo mapema, masaa 3. Kuruka, saa moja na nusu. Kushusha na kutoa mzigo, saa 1. Songwe hadi bandani, saa moja na nusu. Jumla masaa 9. Basi nalo, ukiweka masaa 2 ya kufika stendi na saa moja na nusu ya kufika bandani, ni masaa 16 na nusu. Kwa hiyo unaokoa masaa saba na nusu, sio kumi na moja na nusu kama ulivyodhani.

Saa ya kifaranga

Kifaranga akitotolewa anabaki na kiini cha yai tumboni. Kinaweza kumshikilia hadi masaa 72, lakini hiyo ni kuishi tu, sio kukua. Mimi nashauri apate maji na chakula ndani ya masaa 24. Na saa yake inaanza kuhesabu anapototolewa, sio ndege inapopaa. Kama wametotolewa alfajiri na ndege ni kesho yake mchana, basi la leo jioni linakufaa zaidi.

Gharama ya boksi

Mzigo wa ndege hupimwa kwa uzito au kwa ukubwa, kinachozidi ndicho unacholipia. Kanuni ya kawaida: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 x 50 x 18 linatoa kilo 9, wakati vifaranga 100 wa gramu 40 ni kilo 4 tu. Ukipiga bajeti kwa kilo 4, utaumia kaunta.

Kabla hujalipa, uliza:

- Wametotolewa saa ngapi?
- Ndege hiyo hiyo inapokea wanyama hai, na mwisho wa kukabidhi ni lini?
- Ukungu ukichelewesha ndege, nani atawaangalia, na wapi?
- Bei ni kwa uzito au kwa ukubwa?

Ukipata majibu, washa bruda mapema ifike nyuzi 32 hadi 33, maji yawe tayari. Kifaranga aliyewahi kufika akakuta banda la baridi, nauli yake umeitupa.