Panya wa Krismasi ya 1994
Kila nikifundisha kinga ya mwili, huanzia kwenye vizimba vya panya kule Berkeley, California. Mwishoni mwa 1994, maabara ya mwanasayansi James Allison iliwadunga panya wenye saratani kingamwili ya kuzuia CTLA-4, breki inayozishika seli T, askari wa kinga ya mwili, zisishambulie. Krismasi wakarudia jaribio. Allison mwenyewe alipima uvimbe bila kujua panya wepi wamepewa dawa. Mwanzoni wote ulikua. Kisha kwa baadhi yao ukasimama, ukanywea, ukatoweka.

Yaani askari walikuwapo siku zote, ila wamefungwa mikono! Hapo sauti yangu hutetemeka, maana Allison alifiwa na mama yake kwa saratani angali mtoto. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha ipilimumab, dawa iliyozaliwa vizimbani mle, kwa wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi.