Zana za kusuka ringi: ipi ununue, ipi ujitengenezee

Baiskeli iliyofungwa madumu manne ya lita 20 imebeba kilo 80 za maji, mbali na uzito wake yenyewe. Mzigo huo wote unashikwa na nyaya zenye unene wa milimita mbili na kitu, yaani spoki. Ringi ikisukwa vibaya, spoki moja hukatika, zilizobaki zinazidiwa, na kwenye barabara ya Rubondo kwenda Base Camp hapa Nakivale ya pili haichelewi kufuata.

Ndiyo maana fundi anayejua kusuka ringi hakosi wateja, awe mkimbizi au mwenyeji. Kinachowakwamisha vijana wengi ni zana. Wapo wanaosubiri mpaka wapate seti kamili ya dukani. Wapo pia wanaopewa seti baada ya mafunzo, kisha wanaiuza kwa bei ya kutupa kabla kazi haijachanganya. Kwa kweli, zana ambayo huna budi kuinunua ni moja tu: spana ya spoki.

Spana hiyo hukaza nipeli, kile kikofia kidogo kinachoshika spoki kwenye ringi. Nipeli ina pande nne, na upana wake si mmoja. Kuna za milimita 3.23, kuna za 3.30, kuna za 3.45, na za spoki nene hufika 3.96. Jicho halitambui tofauti ya 3.23 na 3.45, lakini spana inaitambua. Ikiwa imelegea, inakula kona za nipeli mpaka inakuwa duara, na hapo haikazwi tena wala hailegezwi. Inabidi ukate spoki. Kwa hiyo unapokwenda dukani, hata kama ni Mbarara, beba nipeli mfukoni na uijaribu palepale. Iingie kwa kubana kidogo, bila kuchezacheza. Ile spana ya duara yenye matundu mengi inavutia kwa sababu inadai kufaa kila saizi, ila nyingi ni za chuma laini na matundu yake hupanuka upesi. Mimi ningechukua yenye saizi moja, ile ya baiskeli zinazoletwa kwako zaidi.

Ukinunua iliyotumika, itazame mdomo kwenye mwanga. Kona za ndani ziwe kali. Spana inayobana mno unaweza kuipanua kwa tupa ndogo, mkwaruzo mmoja mmoja huku unaijaribu. Iliyopanuka haina dawa, usiinunue hata kwa bei ya chumvi.

Sasa tuje kwenye chuma chakavu. Stendi ya kunyooshea ringi ni foki ya zamani iliyogeuzwa miguu juu na kufungwa imara kwenye meza au gogo. Chukua kipande cha spoki kuukuu, kifunge kwenye mguu mmoja kwa mpira wa tyubu, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Zungusha: panapogusa ndipo palipopinda. Gurudumu la nyuma lina ekseli ndefu na nene zaidi, kwa hiyo itabidi upanue foki na kuchonga mianya yake kwa tupa. Fanya hivyo kwa foki ya chuma tu. Ya alumini itapasuka. Mwenye fremu iliyokufa atumie sehemu yake ya nyuma, hana haja ya kupanua chochote.

Kuna kifaa cha dukani cha kupima kama ringi imekaa katikati. Usikinunue bado. Toa gurudumu kwenye stendi, ligeuze kulia kuwa kushoto, lirudishe. Ncha ikikuta ringi kwa umbali uleule, iko katikati. Hata foki ikiwa imepinda kidogo kipimo hiki hakidanganyi, kwa sababu kinalinganisha ringi na ringi yenyewe.

Bisibisi nayo hubadilishwa. Chukua bapa, chonga mdomo wake pande mbili, ubakize pini nyembamba katikati inayoingia kwenye tundu la nipeli. Unapokaza, ncha ya spoki inapanda na kuisukuma pini nje, bisibisi inaachia yenyewe. Nipeli zote zinafika kina kimoja, na ringi inaanza ikiwa karibu imenyooka. Kuhusu kupima mkazo, tumia sikio: piga spoki kwa kidole kama uzi wa gitaa. Za upande mmoja zitoe sauti moja. Gurudumu la nyuma, upande wa friwili huwa na sauti ya juu zaidi, usishangae.

Kwa spoki zenyewe, kumbuka namba inashuka waya unapokuwa mnene: 14 ni milimita 2.0, 13 ni 2.3, 12 ni 2.6. Hesabu matundu kabla ya kununua. Baiskeli nyingi kubwa za inchi 28 zina 32 mbele na 40 nyuma, nyingine 36 pande zote.

Tukirudi kwenye kuuza: kabla hujauza seti yako, fikiria kuikodisha kwa siku kwa mafundi wenzako. Seti iliyotolewa kwa kikundi si ya mtu mmoja kuiuza. Wanachama wote wakubaliane kwanza. Na anayenunua asichukue zana kwa mtu asiyejulikana, maana ikigundulika ni ya wizi wewe ndiye utakayekutwa nayo. Andikishaneni karatasi mbili zenye majina, tarehe, bei na zana moja moja, mbele ya shahidi kama mwenyekiti wa RWC, au wa LC1 kwa upande wa wenyeji. Zana zako zigonge alama kwa tindo mahali pasiposhikwa sana, na alama hiyo iandikwe kwenye karatasi.